Ami Aliyekabia Juu

Duka lake la beringi pale Gerezani lilikuwa na upana wa milango miwili, na yeye alikaa katikati kwenye kiti cha chuma chenye mto uliobonyea, asubuhi mpaka jioni. Mteja akija, hakuinuka. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa rafu, akaleta kiboksi, akaitoa beringi na kuizungusha kwa kidole karibu na sikio. "Hii ndiyo yako," anasema. Mteja analinganisha na ile mbovu aliyokuja nayo imefungwa kwenye gazeti. Ndiyo yenyewe. Sikuwahi kumwona akikosea, na nilitamani sana akosee, maana mimi napenda kuona kitu kikiharibika ili nijue kilivyoungwa.

Tulimwita Ami, kama wenye maduka wengi wa Kiarabu wanavyoitwa huku kwetu. Jina lake kamili lilikuwa kwenye leseni ukutani, nyuma ya kalenda. Sikuwahi kuisogeza kalenda.

Mimi wakati ule nilikuwa winga. Winga hana duka. Anamdaka mteja barabarani, anamuuliza anatafuta nini, anampeleka kwa mwenye nacho. Shule niliiacha kidato cha kwanza, si kwa ada wala ugonjwa, bali kwa sababu mwalimu alikuwa akisema jambo moja siku tatu. Tangu hapo nimeosha injini kwa petroli, nimebeba marobota Mchafukoge, nimeuza soksi Mnazi Mmoja, nimekaa juu ya shehena ya lori hadi mpakani na kurudi. Hakuna mahali nilipofikisha mwaka. Kwa Ami nilifika karibu kila siku kwa miaka minne, na kilichonishika hakikuwa beringi.

Kilikuwa kompyuta. Aliiweka pembeni ya kaunta, kioo kikimwangalia yeye tu, na siku ya kwanza niliyompelekea mteja nilichungulia nikaona kijani kitupu na vidoti vyenye namba vikitembea.

"Ami, ule ni uwanja?"

"Unaona nini?"

"Naona uwanja."

"Basi ni uwanja."

Ilikuwa gemu ya ukocha. Humshiki mchezaji, hupigi mpira. Unapanga timu, unawaambia wasimame wapi, wamkabe nani na kwa nguvu kiasi gani, halafu unabonyeza kitufe na kukaa kama makocha wote duniani, ukiumia. Alikuwa amechukua timu ndogo ya mji fulani wa baridi, yenye jina ambalo hakuna mtu Gerezani nzima aliyeweza kulitamka, akawa anawaita "watoto wangu". Wakati nakutana naye, watoto wake walikuwa wameshapanda madaraja mawili.

Mtu anayekaa bila kuinuka ungetegemea timu yake nayo ikae. Ilikuwa kinyume. Watoto wake walikabia juu. Walimfuata adui hadi golini kwake, wakamnyima hewa, mabeki wao wakasimama karibu na mstari wa kati kama watu waliosahau kwamba nyuma yao kuna goli. Kutazama mechi yake ilikuwa kazi ya kuchosha moyo, na mimi niliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Hapakuwa na dakika iliyotulia.

Fundi wa gia wa upande wa pili wa barabara, mtu wa Masasi asiyepitisha siku bila kumchokoza mtu, alikuwa akivuka na mikono yake ya grisi kuja kumtania.

"Ami, hao watoto mbona wanakimbia kama wameona nyuki?"

"Hawakimbii. Wanafunga milango."

"Uwanja una milango?"

"Ndiyo maana kila mwaka timu yako inakuliza."

"Halafu timu yote iko juu, kocha mwenyewe umekaa hapo kama kipa."

"Kipa ndiye anayewaona wote," alisema Ami, na Fundi akacheka hadi akashika nguzo, akaacha alama ya vidole vyeusi ambayo ilibaki hapo mvua mbili.

Hiyo milango nilichukua muda kuielewa. Ami alikuwa akisema kwamba watu wengi wakiingia kwenye ukurasa wa mbinu wanasukuma kila kitu hadi mwisho: mstari wa ulinzi juu kabisa, nguvu ya kukaba juu kabisa, kila mtu amfuate mwenye mpira. Dakika ya sitini wamekufa kwa kuchoka, wanafungwa matatu. Yeye alianza na swali tofauti. Kabla ya mechi alipekua wachezaji wa adui mmoja mmoja akimtafuta mwenye miguu mibovu, mara nyingi beki wa kushoto. Akishampata, aliwaagiza watoto wake wamwache huyo. Wawakabe wengine wote, kipa anyimwe wa kumpa karibu, huyu mmoja tu abaki huru, amepumzika, anapunga mkono aletewe mpira. Na kipa, kwa kuwa hana pengine, anampa. Hapo ndipo watatu wanamrukia: mshambuliaji anakata njia ya kurudi kwa kipa, wa pembeni anakuja usoni, namba nane anaziba ndani. Mwenye mpira ana mstari mgongoni na hana mlango.

"Usimkimbilie mwenye mpira," aliniambia. "Kimbilia anakotaka kuupeleka."

Nilitembea na maneno hayo Kariakoo nzima. Nikawa namwona mteja akitoka kwenye basi la mwendokasi na najua atapita uchochoro gani, namngoja mbele badala ya kumfuata nyuma na kelele. Nilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote maishani. Siku nyingine nilikuwa nikiacha kazi katikati, narudi dukani kuuliza jambo moja tu, kwa mfano mstari wa ulinzi ukipanda hivyo, mpira mrefu ukipigwa nyuma yao inakuwaje. "Inakuwa goli," alijibu. "Sasa mzuie anayetaka kuupiga." Nikaondoka nikiwa na swali jingine kabla sijafika kona.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Hakukosa sala hata moja, na bado alimtukana mwamuzi wa kwenye kompyuta kwa Kiarabu na kwa Kizaramo. Hakusema kamwe yuko upande gani kati ya timu zetu mbili kubwa, jambo ambalo Kariakoo ni kama kukataa kusema una mama, na siku ya mechi yao alizima redio. Alihubiri ujasiri wa kwenda mbele, lakini barabara ya mwendokasi, hatua mia kutoka dukani, alikuwa hajaivuka kwa muda mrefu. Akienda msikitini aliweka mkono begani kwa jirani yake muuza grisi, na mimi nilisema moyoni, angalia watu wanavyopendana.

Wanawe wawili walikuja kila Ijumaa baada ya sala. Wanaume wazima, wenye biashara zao za vitambaa, wenye heshima. Walikuwa na neno moja.

"Baba, bado tu? Funga sasa. Tukupangishie mtu hapa, wewe ukae nyumbani."

"Nikae nyumbani nifanye nini?"

"Upumzike."

"Hapa nimesimama?"

Wakiondoka alikuwa na hasira hadi jioni, na siku hizo watoto wake uwanjani walicheza rafu. Nyumbani kwake kulikuwa Mchafukoge, ghorofa ya tano, na alilisema neno nyumbani kama mtu anayesema rumande. Kitu alichokuwa akikipigania, na hakukificha, kilikuwa kile kiti cha katikati ya milango miwili. Alitaka kutolewa hapo na Mungu tu.

Nilimwona akiinuka kwa haraka mara moja. Mchana mmoja mtu alikwapua simu ya mama mmoja mbele ya duka la taa, na kama kawaida umati ukamfuata, wote nyuma yake, wakipiga kelele. Ami alisikiliza akiwa amekaa. "Wote nyuma," alisema. "Nani yuko kwenye mdomo wa uchochoro?" Halafu akapaza sauti kwa Fundi ng'ambo: "Sogeza ule mkokoteni, ziba kwa muuza mabomba!" Fundi akausukuma. Mwizi alikuja mbio, akakuta mkokoteni mbele, ukuta kushoto, umati nyuma. Ilikuwa ni mechi yake kabisa. Nilishangilia.

Kisha wakaanza kumpiga. Ami alisikia ule mlio wa bati na miguu, na nikaona kiti kimebaki peke yake. Alitoka akipiga kelele, "Mwacheni! Simu mmepata, mwacheni!" na katika hatua ya nne akagonga bodaboda iliyoegeshwa juani, kubwa, nyekundu, ikaanguka naye. Watu wakaacha kupiga ili wamwinue mzee. Mwizi akachomoka. Ami alimgombeza mwenye bodaboda kwa kuegesha njiani, akarudi kukaa, goti linavuja damu, na kwa wiki nzima hakufungua gemu. Fundi alipomwambia, "Ule mtego wako ulikuwa moto, Ami," alimjibu, "Nyamaza." Nami niliwaza goti na mwizi. Bodaboda sikuiwaza.

Katika mwaka wa tatu alianza kuniuliza maswali. Mechi inaendelea, ananivuta kwa shati nikae kwenye kreti la soda, anasema: "Namba nane yuko wapi?" Nasema amepanda, yuko nusu ya adui. "Kati yake na mshambuliaji wetu kuna nafasi ya watu wangapi?" Naangalia, nasema wawili. "Kubwa. Mwambie asogee." Napeleka mshale, nabonyeza. "Beki wao wa kushoto anaangalia wapi?" "Kipa kampa nani?" "Nani yuko huru?" Maswali juu ya maswali, na mimi natokwa jasho.

Nifafanue nilivyojisikia. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwa kuniuliza. Shuleni tuliulizwa ili tuchapwe. Huyu aliuliza na kungoja, na jibu langu akalitumia. Mechi ilibadilika kwa sababu ya nilichokiona. Niliamini nimepata mwalimu. Nilijisifu hata kwa Fundi: "Ami ananinoa." Fundi akanitazama, akafuta mikono, akasema, "Haya, mwanafunzi."

Kisha ikaja ile alasiri. Mechi ilikuwa mapumziko, na gemu ikifika mapumziko uwanja unaondoka, kioo kizima kinakuwa jedwali la takwimu, jeupe, mistari kwa mistari. Ami alikuwa ameinama karibu kabisa na kioo, pua inakigusa.

"Namba nane kapanda?"

Nilidhani ni mtego wa mwalimu. Nikacheka. "Ami, hakuna namba nane hapo."

Alibaki ameinama. Sikio lake lilikuwa karibu nami, na nikaona likibadilika rangi.

"Mapumziko?" akauliza, taratibu.

"Mapumziko."

Akarudi nyuma kwenye kiti. Nje gari lilikuwa linarudi nyuma kwa ule mlio wake wa kengele, na tulingoja hadi likamaliza. Ndipo nikaipanga yote: mkono begani kwa muuza grisi, barabara isiyovukwa, bodaboda nyekundu. Beringi haikumwaibisha kwa sababu beringi ina ukingo, ina uzito, ina sauti. Alikuwa ameziuza kwa vidole nusu ya maisha yake. Kioo hakina cha kushika. Mwaka mzima alikuwa akiniuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Sukari," alisema. "Jicho la kulia halina kitu. La kushoto lina ukungu. Wanangu wakijua, kesho asubuhi wamefunga duka. Unanielewa, Msafiri?" Msafiri ndilo jina alilonipa.

"Nimeelewa, Ami."

"Sikuombi unihurumie. Nakuomba uangalie namba nane."

Basi nikawa naangalia namba nane. Nilikuwa wa kwanza kufika, nikisogeza bodaboda za watu mbele ya milango kama vile zinanikera tu. Wanawe wakija Ijumaa, nilisimama nyuma yao na kutaja kwa sauti kila kilichokuwa barabarani, "Loo, ona yule mama na trei za mayai kichwani," ili Ami aweze kusema jambo juu ya yule mama. Alisema. Wakacheka. Na timu haikuwahi kucheza vile. Nilijifunza kutangaza haraka, bila maneno ya bure, kwa sababu presha ikichelewa kidogo adui ameshageuka: "Kipa ana mpira. Kampa kushoto. Sasa!" Yeye anabonyeza, watatu wanaruka. Kulikuwa na mechi ambazo niliona kabla hazijatokea, nikafurahi, na nikaanza kuogopa.

Sijui kueleza vizuri nilichoogopa. Kila asubuhi niliamka na mtu mmoja ananingoja mahali pamoja. Wengine huiita hiyo bahati. Miguu yangu iliona kamba. Nilikuwa nikisimama Gerezani nasikia honi za malori yanayoanza safari na kifua kinajaa. Mdogo wake Fundi alikuwa na lori linakwenda Masasi msimu wa korosho, akatafuta mtu wa kusimamia mizigo. Miezi mitatu, alisema. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Siku hiyo ya mwisho watoto wa Ami walikuwa wamebakiza mechi nne kupanda daraja la juu kabisa. Nilipoinuka kwenye kreti aliniuliza, "Kesho?"

"Kesho, Ami. Inshallah."

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapita Mbagala.

Miezi mitatu ikawa kumi na minne. Baada ya korosho kulikuwa na mbaazi, baada ya mbaazi kulikuwa na jamaa anayechimba kisima, na mimi sijawahi kuona kisima kikichimbwa. Fundi aliniambia kwa simu yaliyompata Ami, hata hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Ami aliendelea peke yake wiki tatu. Alifungua gemu kwa kukumbuka vitufe, akawa anabonyeza na kusikiliza ile kelele ya mashabiki inayotoka kwenye spika. Ijumaa moja wanawe walikuja mapema, wakamkuta anaihimiza timu yake, mkono juu, na waya wa kioo ulikuwa umechomoka. Kioo kilikuwa cheusi tii. Walisimama mlangoni, akasema Fundi, mpaka mkubwa akaanza kulia. Mwezi huo huo duka likapangishwa kwa muuza betri.

Niliporudi nilizunguka Kariakoo siku mbili nikijipa shughuli. Siku ya tatu nilipanda ngazi za ghorofa tano Mchafukoge. Mkewe alifungua. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti ya juu, ambaye enzi za dukani alikuwa akituma chakula na salamu kwamba lile dude la kompyuta litupwe baharini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?" Alinipima kuanzia kandambili. "Ingia. Usiseme kitu, tuko kwenye mechi."

Walikuwa kwenye mechi. Ami alikaa kwenye kochi lenye foronya za maua, miwani myeusi, amekonda, mikono magotini. Kompyuta ile ile ilikuwa mezani. Mkewe akarudi kwenye kiti chake mbele ya kioo, akavaa miwani yake ya kusomea, akaweka kidole kwenye kioo na kukifuata kidoti.

"Haya. Sasa yule wao wa... ngoja. Namba nne. Namba nne anampa... ngoja, bwana, wanakwenda mbio... anampa yule aliyekuwa pembeni. Sasa hayupo pembeni."

"Wetu wako wapi?"

"Wetu wapo wote huku chini. Wamejipanga vizuri."

Nikaangalia. Timu nzima ilikuwa mbele ya goli lake, mistari miwili, imekaa, inangoja. Adui alikuwa akipiga pasi mbele yao kama mtu anayefagia uwanja wake mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kwake. Beki wao wa kushoto alikuwa na miguu mibovu, nilimwona mara moja, amesimama huru, anapunga mkono, na hakuna mtego. Niliuma ulimi. Nikashindwa.

"Ami, mbona umewashusha?"

Hakustuka. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akapitiliza kidogo, akarudi.

"Nani huyo anapangia watu timu yao?"

"Ni mimi, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Umerudi kutoka kesho?"

Mkewe akacheka, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akarudi kwenye kioo. Nilitafuta la kusema kuhusu korosho na kisima nikaona yote ni upuuzi. Ami akaniokoa kwa kuzungumza mpira.

"Kukabia juu kunataka mtu anayeniambia sasa, na iwe sasa kweli. Mama anaona vizuri, lakini akimaliza kusema mpira umeshafika kwingine. Kwa hiyo nimewaleta chini. Hapa chini hata habari ikichelewa, watu wapo. Hatufungi sana. Hatufungwi sana."

"Tulipoteza mechi nane," alisema mkewe bila kugeuka, "ndipo akanisikiliza."

"Ni kweli, alinishauri yeye."

Nilikuwa nimeshavuta stuli. "Huyo beki wao wa kushoto hana mguu, Ami. Yuko peke yake. Nikikaa hapa tunawapandisha sasa hivi. Namba nane asogee hatua mbili, mshambuliaji azibe kwa kipa. Kabla ya dakika ya themanini tumepata goli." Maneno yalinitoka kwa kasi ile ile ya zamani, na nikaona vidole vyake magotini vikianza kucheza, kimoja kimoja, kama vinatafuta vitufe. Mkewe alisimamisha mechi. Alitutazama sote wawili, akainuka nusu, tayari kuniachia kiti.

Ami aliinua mkono kidogo.

"Kuwapandisha ni msimu mzima," alisema. "Huwezi kuwafundisha watoto kukimbia juu halafu katikati uwaache hawana wa kuwaona. Niliwafanyia hivyo mara moja." Akageuza sikio kwangu. "Jumatatu utakuwepo?"

Mfukoni nilikuwa na namba ya dereva anayekwenda Tunduma Jumapili, na nilikuwa nimeshamwambia nakuja. Ningeweza kusema inshallah. Hapo dirishani kulikuwa na kelele zote za Kariakoo, na yeye aliegemeza kichwa akisikiliza ukimya wangu kama alivyokuwa akisikiliza beringi.

"Jumapili nasafiri, Ami."

Alitikisa kichwa taratibu, na naapa aliridhika. Hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililompa kuhusu mimi mwenyewe.

"Basi waache huko huko chini," alisema. "Mama, kaa. Endelea."

Mkewe akakaa, akabonyeza, akaweka kidole kwenye kioo. Nilibaki kwenye stuli hadi mwisho, nimeziba mdomo kwa mkono, huku yule beki wa kushoto akipunga mkono peke yake pembeni na sauti ya yule mama ikimfuata polepole, imechelewa, haikosi neno. Tulitoka sare, bila goli.